Mfupa Wangu Ulionitangulia

Siku mguu wangu wa kulia ulipopigwa, nilikuwa nimeshakufa uwanjani mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunacheza mpira nyuma ya shule yetu hapa Kamembe, kwenye ule mteremko ambao timu inayoshambulia kuelekea ziwani ndiyo hushinda siku zote, na kazi yangu katika timu ilikuwa kuanguka. Nikiguswa tu, naanguka, najiviringisha, nashika goti, namwita mama, na refa anatoa penalti ili ninyamaze. Safari hii kiatu cha mtu kilinipata kweli, katikati ya muundi, pale mfupa unapokaribiana na ngozi. Halikutoka hata tone la damu. Nilipiga kelele, wenzangu wakapiga makofi.

"Leo umezidi, bana," wakaniambia. "Hiyo ya leo ilikuwa ya sinema."

Baada ya siku chache homa ikaja. Mama, ambaye anauza vitenge sokoni na hana muda wa kuchezewa, alinikuta nimejifunika shuka jua likiwaka.

"Maman, safari hii ninakufa."

"Hata juzi ulikufa. Uliposikia harufu ya bugari ukafufuka."

"Leo sitaki bugari."

Hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu sijawahi kukataa ugali. Alinipa vidonge vya malaria, kwa sababu hapa kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini malaria haivimbishi mguu mmoja. Muundi ulivimba, ukawa mwekundu na wa moto, na hata shuka likiugusa nilikuwa naona nyota. Kisha asubuhi moja ngozi ikapasuka yenyewe, usaha ukamwagika mpaka kwenye mkeka, na maumivu yakapungua palepale kama mtu aliyetua mzigo. Kilibaki kitundu cheusi, kidogo kuliko kifungo cha shati. Watu wetu hukiita kitundu cha namna hiyo mdomo. Baba aliinama akakitazama.

"Mguu umefungua mdomo," akasema.

"Basi tuulize unataka nini," nikasema, na baba, ambaye ni fundi wa mabati na kwa kawaida hucheka upuuzi wangu kabla sijaumaliza, hakucheka.

Hospitali haikuwa mbali, lakini mwaka ule kutoka nyumbani kwenda popote kulihitaji sababu nzito. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza ng'ambo, upande wa pili wa mpaka. Kutoka Kamembe unaiona Bukavu vizuri kabisa, nyumba zake, miti yake, na siku zile tulikuwa tunaisikia pia. Mlio mmoja wa risasi ukipiga kule, hapa soko zima linainua vichwa kama kuku. Halafu kidonda ni kidonda tu, kila nyumba inakijua. Mama alifanya kile ambacho kila mama wa Kamembe na wa Bukavu amewahi kufanya: alinunua tetra, zile kapsuli za rangi mbili zinazouzwa sokoni pamoja na sabuni na viberiti, akazifungua moja moja kwa kucha, akanyunyiza unga wake ndani ya ule mdomo, akafunga kwa kitambaa safi. Asubuhi na jioni. Unga ulishikana na usaha, ukakauka, ukawa kifuniko kigumu cha manjano.

Shuleni niliendelea kwenda, nikichechemea. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja alivumilia kwa muda, halafu akashindwa.

"Bana, mu mguu yako munakaa nini? Panya alikufa?"

"Ni mjomba wako. Alikuja kututembelea, akakosa njia ya kutoka."

Alicheka mpaka akafukuzwa darasani. Mimi nilicheka pia. Sikujua kwamba nilikuwa nimesema ukweli kuliko kila mtu mzima wa nyumbani kwetu.

Kisha kidonda kikafunga. Kifuniko kilidondoka, chini yake kukawa na ngozi mpya, laini, ya waridi, kama ya mtoto mchanga. Mama alilia kwa furaha. Alipika pilau, akaita watoto wa madrasa waje wale na kuniombea dua, na wao, kama wafanyavyo, waliomba haraka sana ili wale polepole. Nilicheza ngoma katikati ya ua kwa ule mguu. Mama alikuwa anawaonyesha majirani: "Muone, muone vile kimefunga!" Waliisifu mikono yake. Na kweli, kwa macho, hakukuwa na kitu tena.

Homa ilirudi ikiwa imejiandaa. Nilianza kutetemeka darasani mpaka dawati likawa linagonga ukuta, na rafiki yangu akadhani ni mchezo mpya, akaanza kutetemeka na yeye. Waliponibeba nyumbani nilikuwa naona watu wawili wawili. Ule mguu ulikuwa umevimba kutoka goti hadi kifundo, umenyooka, unang'aa, na ile ngozi ya waridi ilikuwa imekazwa kama ngozi ya ngoma. Baba hakuuliza mtu. Alinipakia kwenye pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva, yeye nyuma yangu akinishika, tukaenda hospitali, mama akitufuata kwa miguu.

Daktari alikuwa mwanamke, Mnyarwanda aliyekulia Kongo kama wengi waliorudi baada ya mauaji ya kimbari, kwa hiyo alikuwa anasema Kiswahili kama chetu. Wote walimwita Mama Dokta. Alibonyeza ule mguu kwa kidole kimoja, mimi nikapaa hadi dari. Akatazama ngozi ya waridi.

"Nani alifunga hapa?"

"Ni miye," mama akasema, bado na kajivuno kidogo. "Kilipona, Mama Dokta. Kilipona kabisa."

"Hakikupona, maman. Kilinyamaza."

Alipasua mahali palepale. Sitasimulia kilichotoka. Nitasema tu kwamba muuguzi mmoja, mwanamume mwenye kifua kama mlango, alitoka nje kupunga hewa. Kisha wakanipiga picha ya mifupa, ile tunayoiita radio, umeme ulipokubali kurudi. Mama Dokta aliiinua dirishani akaitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia muuguzi na kuongea naye Kifaransa, polepole, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Madaktari wetu wana desturi hiyo: habari nzuri zinatoka kwa Kiswahili au Kinyarwanda, mbaya zinapita juu ya vichwa vya wazazi kwa Kifaransa. Desturi nzuri, ila inasahau kwamba wagonjwa wengine wako sekondari.

Alisema: homa isiposhuka mpaka Jumatatu, tunakata juu ya goti.

Mama alimtazama muuguzi. "Anasema nini?"

"Anasema mumuombe Mungu, maman."

Hakuridhika. Aliniinamia. "Weye njo unasoma Kifaransa. Alisema nini?"

Nilitaka kumwambia, na neno lililotoka lilikuwa lile lililozoea kutoka.

"Alisema hajawahi kuona mgonjwa mzuri kama mimi."

Akanipiga kofi dogo la upendo begani, akaenda kumwambia baba, na nikawaona wote wawili wanatabasamu mlangoni. Sijawahi kuogopa namna ile. Wakati wa mabomu unaogopa pamoja na watu, mnabanana, mtu mmoja anasoma dua na mwingine anaitikia. Hapa niliogopa peke yangu katikati ya chumba kilichojaa, na wale ambao wangenishika mkono walikuwa wanafurahi kwa ajili ya uongo wangu.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja aliyekuwa akivusha sukari na chumvi mpakani. Risasi ilimpata ng'ambo, wakamvusha, wakamkata mguu. Mchana mmoja aliniita.

"Kijana. Nikunie kidole cha mguu."

"Kipi, mzee?"

"Kile hakiko."

Nilicheka kwa mazoea. Kisha nikaona anatokwa na jasho kweli, anang'ang'ania shuka, na macho yake yameelekea pale chini ambapo shuka lilikuwa bapa. Sikucheka tena siku ile. Na majeruhi walizidi kuletwa. Walilazwa hata kwenye veranda. Nilianza kuhesabu vitanda kwa akili ya mchuuzi: kunikata ni kazi ya asubuhi moja, kunitibu ni ya miezi. Ningekuwa mimi daktari, ningeukata mguu huu.

Mama Dokta alipopita, nilimwambia kwa Kifaransa changu cha shule, chenye makosa: "Madame, nilisikia kuhusu Jumatatu."

Alisimama. Muuguzi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama Dokta akamtuma kwingine, akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Ulibaambia bazazi?"

"Niliwaambia ulinisifu."

Alijikuna paji la uso. Nadhani alitaka kucheka, au kinyume chake. Kisha akatoa ile picha ya radio akaniwekea machoni, na akaniambia yote kwa Kiswahili, kama mtu anayelipa deni.

Alinionyesha kipande katikati ya muundi, cheupe kupita sehemu nyingine, kama kijiti cha chaki. "Hii ni mufupa yako yenye ilishakufa. Bakteria walipita mu damu, wakakaa pale ulipopigwa. Usaha ukajaa ndani, ukabana mishipa, damu ikakatika. Sasa hapo ndipo wanapenda. Dawa inatembea na damu, na hapo damu haifiki. Mama yako alipofunga mdomo, alifunga mlango na wezi wako ndani."

"Na hii?" Kukizunguka kile kijiti kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba, kama mvuke kwenye kioo.

"Hiyo njo ninaangalia kila siku." Sauti yake ilibadilika. Akanieleza kwamba kwenye uboho, na kwenye ile ngozi nyembamba inayovika mfupa, kuna seli ambazo hazijaamua bado zitakuwa nini. Vitabu vinaziita seli shina. Yeye aliziita seli mama, kwa sababu zinazaa nyingine. Mfupa ukifa, seli hizo zinaamka. Zingine zinazaa wajenzi wa mfupa mpya, kuuzunguka ule mfu. Zingine, zile za damu, zinazaa askari wa kupigana na bakteria. Ule ukungu ulikuwa kazi ya seli zangu mama. Zilikuwa zinajenga bila kuambiwa na mtu, bila mimi kujua, hata wakati nilipokuwa nacheza ngoma siku ya pilau.

"Basi zinawajengea bakteria uzio," nikasema.

"Zinakujengea weye mguu. Lakini ndiyo. Bakteria wako ndani ya uzio."

"Na wao wanakaa tu wanangoja?"

"Hapana. Sumu yao inazichosha zile seli, zinaacha kujenga. Na wengine wanaingia ndani ya seli za mufupa zenyewe. Wanalala mule. Askari wanapita mlangoni, hawawaoni."

Akaeleza lililobaki. Akiutoa mfupa mfu sasa, mguu hautakuwa na kitu cha kuushikilia, utakunjika kama mkanda. Lazima asubiri ule mpya uwe mgumu. Lakini homa ikizidi, bakteria wakaingia kwenye damu kwa wingi, nitakufa nikisubiri. Kwa hiyo Jumatatu. Kila kitu kilikuwa kati ya seli zangu na wao, nani atachoka kwanza.

"Na mimi nifanye nini?"

"Kula. Usitembee. Na usiruhusu mtu afunge hiyo tundu."

Siku zilizofuata niliusikiliza mguu kama tulivyosikiliza ng'ambo. Ukipwita, nasema: ni wao. Ukitulia, nasema: wamelala ndani ya seli. Niliogopa utulivu kuliko maumivu. Kitu kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna mbaya niliyeweza kumchukia vizuri. Vitu vyangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, vilikuwa vimewaficha wageni chumbani, na mama yangu, kwa mikono iliyosifiwa, alikuwa amefunga mlango. Nilikula kila kilicholetwa, hata ndizi za hospitali zilizopikwa na mtu aliyezichukia.

Jumapili mchana baba alikuja peke yake. Nilimwambia. Nilijaribu kuanza kwa utani, nikakwama, nikamwambia wazi: kesho wanaweza kukata. Aliushika mguu wangu mzima, sio ule mgonjwa, akaushika kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mlikuwa mnacheka, Papa."

Alikaa vile, bila kuondoka, mpaka walipowafukuza wageni wote.

Jumatatu homa ilikuwa imeshuka. Si yote, lakini Mama Dokta alikitazama kipimajoto, akakikung'uta, akanipima tena, akaandika, akaondoka bila kutaja kukata, na nilijua hakutaka kuahidi. Homa ilipokwisha walinirudisha nyumbani nikiwa na magongo na kitundu kilicho wazi.

Hapo ndipo kazi ya mama ilipokuwa ngumu kuliko yangu. Kila asubuhi alitakiwa kuchomoa utambi wa shashi ndani ya tundu, kuosha, na kusukuma mwingine mpya hadi chini kabisa, ili ngozi isiwahi kukutana juu. Ngozi ilikuwa inataka kufunga. Ungeona kingo zake zikisogea kama watu wawili waliokosana na sasa wanataka kupatana. Na mama alikuwa anazitenganisha. Alikuwa anasema "Bismillahi" na kugeuza uso wakati mmoja.

"Inakuuma?"

"Hapana." Ilikuwa inauma hadi kwenye meno.

"Sema kweli."

"Inaniuma hadi kwa mjomba."

Alicheka, akalia, akasukuma utambi.

Miezi ilipita hivyo. Picha iliyofuata, Mama Dokta aliiinua dirishani na safari hii hakumgeukia muuguzi. Aliniita mimi nisogee. Ule ukungu ulikuwa umekuwa ganda, nene, lenye ukingo, limeizunguka ile chaki kama ala inavyozunguka kisu. "Zimejenga," akasema. Ni hilo tu. Lakini sauti yake ilikuwa juu kidogo.

Siku ya kuutoa mfupa mfu walinichoma sindano ya mgongo, nikafa kuanzia kiunoni kwenda chini, akili ikabaki macho. Waliniwekea shuka nisione. Sikujua kwamba ningesikia. Kufungua dirisha kwenye mfupa hakuna njia ya upole: ni patasi na nyundo, to, to, to, sauti ileile ya karakana ya baba akipiga bati. Kila pigo lilinitikisa hadi taya. Niliogopa kwamba ganda litapasuka, kwamba miezi yote ya seli zangu itavunjwa kwa pigo moja lililokosea.

"Mama Dokta," nikasema, ili nisilie, "Papa angekufanyia kwa bei nafuu."

"Nyamaza, unanichekesha, mkono utateleza."

Nilinyamaza haraka kuliko nilivyowahi kunyamazishwa na mwalimu yeyote.

Waliutoa. Ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati, umeliwaliwa pembeni, mwepesi kama kipande cha boriti kilichotafunwa na mchwa. Mama Dokta alisema tundu la ndani limekwanguliwa mpaka likatoa damu safi, na damu safi ni habari njema. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu tulikuwa na mapatano sasa: "Lakini sikuapii. Wale wanalala mu seli, siwezi kuwakwangua. Wanaweza kukaa kimya miaka. Mguu ukiwa moto, hata kidogo, unakuja siku hiyohiyo."

Baba alikuwa anasubiri koridoni. Hakuuliza kwanza habari za mguu, aliuona, uko. Aliuliza: "Mufupa iko wapi?" Muuguzi alikuwa ameshautia kwenye ndoo ya taka. Baba alimwomba kwa adabu, na alipoona anasita, akamweleza kwamba kwetu kitu kilichotoka kwa mtu hakitupwi, kinazikwa. Alimuuliza shehe, ambaye alisema hakuna sala, hakuna kuosha kwa utaratibu wa maiti, ni kuufunga kitambaa safi na kuufukia mahali pa heshima.

Nilisisitiza niende. Ni nani mwingine anapata nafasi ya kuhudhuria maziko yake akiwa bado anadaiwa kazi ya shule? Nilikuwa na utani mwingi tayari. Lakini tulipofika makaburini nilikuta makaburi mapya mengi kuliko nilivyokumbuka, udongo wake bado umevimba, na baba alichagua nafasi ndogo kando ya babu. Alichimba kwa jembe dogo. Mfupa ulikuwa umefungwa kwa kipande cha bafta nyeupe, mdogo kama soksi iliyokunjwa.

"Papa, tuuelekeze kibla?"

"Wengine hapa banakusikiliza," akasema, bila kuinua kichwa. Na akauelekeza kibla.

Aliweka udongo kwa mikono. Niliegemea magongo, nikitazama ile bafta ikipotea, na nilijaribu kuwaza kwamba wale bakteria wamo humo wote, wamefungwa, wamefukiwa, na hakuna hata mmoja aliyebaki amejilaza ndani ya seli yangu mama akinisikiliza napumua. Sikuweza kulishikilia wazo hilo mpaka mwisho.

Baba aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akapiga magoti tena, mbele yangu safari hii, akapandisha mguu wa suruali yangu na kuweka kiganja juu ya bandeji. Alingoja.

"Iko baridi," akasema.

Nikasubiri atoe mkono. Hakuutoa.

"Leo iko baridi."